Ukurasa Usiojua Kusema Hakuna

Jumatatu, alasiri. Kariakoo. Jua la leo halina huruma, na mimi pia sina.

Mvua ya alfajiri iliacha matope mtaani, jua limeyapika, na harufu yake imepanda mpaka huku ghorofani ninakofanyia kazi. Feni imekufa. Chini ya dirisha wasukuma mikokoteni wanatukanana kwa mapenzi kama kawaida yao, na muuza soksi ana spika inayorudia bei ileile tangu asubuhi. Siku nyingine vitu hivi vinanichekesha. Leo natamani kuwamwagia maji.

Nina hasira tangu Jumamosi. Nimejaribu kuilalia, imekataa. Kwa hiyo nakuandikia wewe, shajara yangu ya mtandaoni, pamoja na ninyi wachache mnaopita humu kusoma umbea wa watu. Safari hii umbea wenyewe unanihusu.

Ni habari ya harusi ya rafiki yangu Nasra, na ya mwanamke aliyemlea, Mamdogo Mwanahawa. Mamdogo alitaka kitu kimoja tu siku ile: amshike mkono mtoto wake na kuingia naye ukumbini. Hakukipata. Na katika mikono iliyomnyang'anya, mmoja ni wangu.

Mama yake Nasra alifariki Nasra akiwa bado ananyonya. Baba akaoa kwingine, na ukoo wake, wenye maduka, ukawa bize na maduka. Mtoto akachukuliwa na mdogo wa marehemu, ndiye huyo Mamdogo Mwanahawa, mama ntilie wa Gerezani. Anapika nyuma ya gereji, wali maharage na chapati, wateja wake mafundi wenye mikono ya grisi. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Nasra ndiye mtoto, ndiye dunia, na amesoma mpaka chuo kwa jiko lile. Sisi tulikaa nyumba ya pili kutoka kwao. Mimi nimekula sana kwa Mamdogo, na sikuwahi kuulizwa kama kwetu hakujapikwa.

Nasra akakua, mzuri wa sura, akapata kazi ofisini Posta, kisha akapata mchumba wa familia inayojiita familia. Ghafla bin vuu ukoo wa baba ukakumbuka kwamba una binti. Shangazi yake, Zulfa, akajiteua mwenyekiti wa kamati ya harusi kabla hata posa haijapoa. Nasra akahamia kwao "kwa ajili ya maandalizi". Mamdogo akabaki Gerezani akisubiri kuitwa.

Aliomba jambo moja, la kumwingiza bibi harusi ukumbini. Nasra alimwambia, "Mamdogo, nani mwingine kama si wewe?" Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa.

Mimi natengeneza tovuti. Mwajiri wangu ni Mama Aika, mama wa Kichaga anayeuza vitenge vya jumla hapa chini, mwanamke anayeweza kukuuzia shati ulilovaa mwenyewe. Tovuti yake nimeijenga kwa JavaScript, vipande vipande: kipande cha picha ya kitambaa, kipande cha bei, kipande cha kitufe cha kununua. Ukibofya, ukurasa mzima hauji upya, vipande vinabadilishana palepale. Kinachoamua kipande gani kionekane kinaitwa ruta. Ruta inasoma linki uliyofungua, inailinganisha na njia inazozijua, halafu inasema: huyu kaja kutafuta kitambaa fulani, mwonyesheni. Zipo ruta kubwa zenye mbwembwe zote. Mimi nilichukua ndogo, nyepesi kabisa, kwa sababu wateja wetu wengi wana simu za kawaida na bando la kubana, na ni dhambi mtu kumaliza bando akisubiri picha ya kitenge. Naipenda ruta ile. Inafanya kazi yake na kunyamaza.

Njia ya mwisho kabisa humo ndani ni ya nyota. Unaandika alama ya nyota, maana yake: linki yoyote ambayo haikufanana na chochote hapo juu, ije hapa. Kawaida pale unaweka ukurasa wa kumwambia mtu kwa adabu kwamba alichokitafuta hakipo. Nami niliuweka. Samahani, kitambaa hiki hakipo tena. Maneno mazuri tu.

Mama Aika alipouona alinipandishia sauti mpaka wapima vitambaa wakaacha kupima. "Asha! Nani kakwambia dukani kwangu kunasemwa hakuna?"

Kama hujawahi kuuza kitu Kariakoo utaona ni ukali wa bure. Hapa neno hilo ni mkosi. Mteja akitaka viatu vyekundu na huna, unamwambia vipo dada'angu, kaa hapa, unamvutia kiti, unampa maji, halafu unamtolea vyeusi. Unavisifia mpaka anasahau alikuja na rangi gani kichwani. Ukimwambia hakuna, anavuka barabara na kununua kwa jirani. Mama Aika amekulia kwenye sheria hiyo na imemjengea ghorofa. Akaniagiza: mtu akija na linki ya kitambaa kisichokuwepo, apelekwe moja kwa moja kwenye kile kilichogoma kutoka ghalani, kile cha kijani chenye kuku na vifaranga vya njano. Na yale maneno yanayokaa juu ya kila kitambaa yabaki palepale: Chaguo lako hili hapa, karibu.

Nikamwambia, mama, watu watachanganyikiwa. Akasema, watachanganyikiwa huku wananunua.

Nikacheka. Nikabadilisha. Haikunichukua hata muda wa kumaliza soda.

Kamati ya Shangazi Zulfa ilichagua sare yake kwa Mama Aika: kitenge cha zambarau chenye mkufu wa dhahabu. Kizuri, sikatai. Linki ikatupwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi pamoja na picha, na amri kwamba msafara wa bibi harusi wote utavaa sare, asiye na sare hatembei na bibi harusi. Wenye nafasi zao wakanunua siku ileile. Mamdogo hakuwamo kwenye kundi. Shangazi alisema simu yake ile itajaa. Nasra akamrushia linki peke yake, bila picha, bila neno. Na Mamdogo hakuweza kununua siku ileile, alisubiri mpaka ifike zamu yake ya mchezo, ule wa akina mama kuchangiana pesa.

Katikati ya kusubiri kwake zambarau iliisha. Mama Aika akaniambia niiondoe, nikaiondoa. Njia yake ndani ya ruta ikafutika.

Mamdogo akafungua linki. Ruta ikatafuta, haikuona kitu, ikampeleka kwenye nyota. Akatokea kuku na vifaranga vyake, na juu yao maneno niliyoyaandika mimi: Chaguo lako hili hapa, karibu. Akanunua. Kwa nini asinunue? Linki kapewa na mwanawe.

Nilijua Jumatano. Nilikwenda kula Gerezani, nikamkuta amekaa kwenye benchi, kitambaa mapajani, anakipapasa.

"Shikamoo Mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone sare yetu."

Nilimwambia kizuri, nikala wali ambao sikusikia ladha yake, nikaondoka. Nilizunguka mitaa yote ya vitambaa jua linaniunguza utosi. Nikasukumwa na mikokoteni, nikaitwa mchumba na watu nisiowajua, mpaka nikaipata doti moja ya zambarau kwa mfanyabiashara mwingine, ya mwisho, ameining'iniza juu kama pambo. Hakutaka kuishusha. Nilimsumbua mpaka akaishusha ili nimwondokee.

Kesho yake nikaipeleka kule kwa ukoo wa baba, alikohamia Nasra. Kwa nini sikumpelekea Mamdogo mwenyewe? Kwa sababu fundi wa kamati alikuwa amewekwa pale barazani na cherehani yake, anashona sare zote. Na kwa sababu nilitaka itoke mkononi mwa Nasra. Niliona itakuwa tamu zaidi. Nilibandika na kikaratasi: Mamdogo Mwanahawa.

Nasra alinikumbatia. "Wewe ndiye rafiki, wallahi. Nitampa mwenyewe, nataka nimwone uso wake."

Nikatoka pale mwepesi. Nikanunua juisi ya miwa, nikainywa nikitabasamu njiani peke yangu kama mwehu.

Jumamosi, sherehe ya wanawake, ukumbi umejaa udi na marashi. Zambarau kila upande. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mamdogo Mwanahawa amevaa kuku.

Alikuwa amejipamba. Kilemba kimepigwa pasi, hina mikononi, juu ya makovu ya mafuta ya chapati. Gauni lilikuwa limeshonwa vizuri sana na fundi wa huko kwao. Alisimama kwenye kundi la wanaosubiri bibi harusi ashuke garini, akajiweka mbele, kama alivyoambiwa mwanzo. Shangazi Zulfa akamjia na tabasamu la picha.

"Mwanahawa, dada yangu, mbona hivi? Kamati ilishasema, msafara wote sare. Wewe mwenyewe si unaona ulivyovaa? Nenda kakae kule nyuma, kuna feni."

Kule nyuma kulikuwa na spika na masufuria.

Mamdogo hakubishana. Alisema, "Haya," akaenda. Watu walipisha njia na kumtazama, na wako waliomcheka, tena si kwa kuficha. Mmoja aliuliza kama amekuja kuuza mayai. Wenzake wakajishika mbavu. Nilimjibu neno ambalo siliandiki humu, na silijutii.

Nasra akaingia ameshikwa mkono na Shangazi Zulfa, aliyekuwa hajui hata ukubwa wa kiatu chake mpaka mwaka huu. Vigelegele vikapasuka. Na cha mbele ya vyote, kirefu kuliko vyote, kilitoka kule nyuma kwenye masufuria.

Nilimfuata Nasra kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilidhani kitambaa kimepotea, au fundi kakiharibu, au Shangazi kakificha. Nilikuwa nimeshampatia visingizio vyote kabla hajafungua mdomo.

"Kile kitambaa kiko wapi?"

"Kabatini."

"Ulisahau kumpa?"

"Sijasahau." Alikuwa anajitazama kwenye kioo, anarekebisha wanja kwa ncha ya kidole. "Asha, usinianze leo. Mama mkwe kaniuliza juzi, yule mama mwenye mikono iliyoungua ni nani. Ulitaka nimwambie ndiye anayeniingiza? Picha zote hizi zinaenda kwao. Kamati ina sheria ya sare, yeye hana sare, basi. Hakuna aliyemfukuza. Tovuti yako imenirahisishia."

Tovuti yako imenirahisishia.

Nilibaki nimeshika mlango mpaka mpambaji akaniomba nipishe.

Nimelifikiria neno lile siku mbili. Ningeweza kujifariji kwamba ubaya ni wake, mimi nilikosea ruta tu. Lakini sivyo. Nasra alikuwa na ubaya na hakuwa na njia ya kuupitisha. Alimuogopa Mamdogo, au alimuonea haya, hangethubutu kumwambia usoni kaa nyuma. Mimi nikampa njia iliyonyooka, isiyo na aibu, ambayo hakuna mtu anayeonekana kuwa ameifungua. Yeye alichofanya ni kutoinua mkono tu.

Na bado, nikimfikiria, simuonei huruma hata kidogo.

Leo asubuhi nimefika kabla ya watu, nimefungua ruta, nimemtoa kuku kwenye nyota na kurudisha ukurasa wangu wa zamani. Sikuomba ruhusa. Mama Aika ameona kwenye simu yake kabla hata hajamaliza chai, akapanda ngazi anahema. Nimemweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akasema maskini, pole yake huyo mama, dunia ina watu. Halafu akaniuliza kama nimeona lakini jinsi kile cha kuku kilivyotoka tangu tuanze. Akasema nirudishe kabla ya mchana.

Nimemwambia atafute mtu mwingine wa kurudisha. Amenitazama kama anaona mtu aliyepandwa na pepo. Ameshuka bila kunifukuza, nadhani kwa sababu hajui nani mwingine anajua njia ile ya nyota ilipo. Jibu lake nitalijua tu.

Mchana nimekwenda Gerezani. Nilishaamua kumwambia Mamdogo ukweli, wote, hata ule wa kabatini. Usiniulize ni kwa faida ya nani. Nilikuwa nimechoka kuubeba, na mimi nikichoka mzigo namtwika wa karibu, ndivyo nilivyo.

Nilimkuta mbele ya jiko, kwenye dera lake la kazini, anageuza chapati kwa vidole kama kawaida. Mafundi walikuwa wameshakula na kuondoka. Nikakaa. Nikasema yote kwa pumzi moja, Mamdogo kile kitambaa hakikuwa sare, sare ilikuwa ya zambarau, linki ilikudanganya, na linki ile nimeitengeneza mimi.

Hakugeuka. "Najua mwanangu."

"Unajua nini?"

"Ijumaa nilikwenda kumpelekea udi, nikamnyooshea na nguo zake. Nikafungua kabati natafuta hanga. Nikakiona, zambarau ileile anayoishona fundi barazani. Kina karatasi, kina jina langu."

Akageuza chapati.

"Nikakirudisha kama kilivyokuwa," akasema. "Nikajua anataka anishtukize. Jumamosi nikaenda mapema, fundi yuko pale barazani hana kazi. Nikakaa. Wakaniletea chai, nikanywa. Nasra anapita, anarudi, anapita. Kila akiingia chumbani nasema sasa anatoka nacho." Aliondoa chapati, akaweka nyingine. "Jua likapanda. Nikaona nitachelewa. Nikarudi nyumbani nikavaa kuku wangu."

Nilianza kulia, mimi, ambaye ndiye niliyekwenda kumpa pole. Akanipa kanga yake nijifute, yenye harufu ya mafuta na moshi, nami nikajifuta kama mtoto. Nikamuuliza kwa nini alikwenda basi, kwa nini hakubaki kwake, angewaachia harusi yao wale mbwa.

"Harusi ya mwanangu nisiende?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Macho makavu kabisa.

"Asha. Usije ukamwambia kama nilikiona. Bado bibi harusi yule. Atajisikia vibaya."

Halafu akanifungashia chapati kwenye hotpoti, amezichagua moja moja, zile zilizobabuka kidogo pembeni. Akasema Nasra anazipenda hivyo tangu mdogo, na kule ukweni hawawezi kujua. Nimpelekee jioni nikitoka kazini, maana yeye hajui kama ataruhusiwa kupita getini.

Hotpoti iko hapa mezani, kando ya kompyuta. Bado ya moto, nimeigusa sasa hivi.

Nitaipeleka. Nitasema salamu kutoka kwa Mamdogo, nitatabasamu, nitafunga mdomo wangu huu kama nilivyoombwa. Lakini humu ndani siwezi kudanganya: natamani tonge la kwanza limkwame kooni, akohoe mpaka wanja umtiririke mbele ya mama mkwe wake, na asipatikane wa kumpiga mgongoni.

Kesho labda nitamwomba Mungu anisamehe kwa neno hili. Leo hapana.